Tahariri Iliyogeuka Shukrani

Nilipowaacha wiki iliyopita nilikuwa nimesimama mlangoni mwa ofisi ya mwalimu mkuu, vidole vimejaa wino, nikisikia jina langu likitajwa ndani na sauti nisiyoijua.

Kwa aliyekosa yaliyotangulia, habari yenyewe ni fupi. Jina langu Kahonzi Menza, binti wa mkulima wa Magarini. Mwaka ule wa 1986 nilikuwa kidato cha nne katika Sekondari ya Mnazi Mkinda, shule ya bweni iliyo kati ya Malindi na Kilifi. Nilikuwa pia mhariri mkuu wa Zumari, gazeti la wanafunzi, na cheo hicho kilikuwa kimekwisha kuniletea balaa mara mbili.

Balaa la kwanza lilikuwa maharagwe. Tuliandika kwamba yana wadudu. Mwalimu mkuu, Bwana Gerishom Thuku, akakata neno "wadudu" kwa kalamu nyekundu, akaandika juu yake "nyama". Wanafunzi wakasoma kwamba maharagwe yana nyama, wakaenda jikoni kuidai. Adhabu ya fujo hiyo nikapewa mimi.

Balaa la pili lilikuwa neno "tahariri". Bwana Thuku hakuwahi kulisikia huko kwao bara. Akadhani nimekosea tahajia, akanisahihishia. Gazeti likatoka limeandikwa TAHADHARI kwa herufi kubwa, na chini yake: "Wanafunzi wenzangu, karibuni muhula mpya."

Hakuna aliyesoma zaidi ya hapo. Bweni moja likasema ni kipindupindu, jingine likasema ni simba. Muuguzi alikuja kutoka Kilifi na dawa za kuhara, akamkuta kila mtu ni mzima na kila mtu yuko juu ya kitanda kwa kumkwepa simba.

Mwalimu wetu wa Kiswahili, Bi Jedida Nyaboke, ndiye aliyeniokoa. Alimfungulia Bwana Thuku kamusi, akamwonyesha neno kwa kidole. Tahariri ikarudi mahali pake. Kisha Bi Jedida akaenda likizo ya kujifungua, na kamusi akaondoka nayo kwa sababu ilikuwa yake.

Hapo ndipo tulipofika.

"Huyo Kahonzi ni nani?" ile sauti iliuliza.

"Ni msichana tu," akajibu Bwana Thuku. "Mwerevu kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Nikabisha hodi kabla jibu halijatoka.

Mgeni alikuwa Bwana Mramba, afisa wa elimu kutoka wilayani. Alivaa kaundasuti ya rangi ya majivu, na mbele yake palikuwa na Zumari, toleo jipya, limekunjuliwa kama ramani ya vita.

"Shikamoo, Bwana."

"Marahaba. Keti. La, simama. Wewe ni wa kina nani?"

"Ni binti wa Menza, wa Magarini."

"Menza yupi? Mwenye mguu?"

"Mwenye minazi."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata ushahidi.

Mwaka ule serikali ilikuwa ikisaka karatasi za uchochezi kila pembe, na kila afisa alitakiwa athibitishe kwamba katika eneo lake hazipo. Wengine walithibitisha kwa kutozitafuta. Bwana Mramba alikuwa mtu wa kazi.

"Nimelisoma gazeti lenu lote," akasema. "Kuna mitaro ya kuzuia mmomonyoko. Kuna miche iliyopandwa. Kuna timu ya kandanda iliyofungwa kwa heshima. Sikuona ubaya wowote."

"Asante, Bwana."

"Hilo ndilo linalonitisha. Gazeti la watoto lisilo na ubaya hata chembe, basi ubaya wake umefichwa."

Mantiki ya namna hiyo haina pa kuishika.

Akaweka kidole juu ya neno "tahariri". "Neno hili ni la lugha gani?"

"Kiswahili, Bwana."

"Na kabla ya Kiswahili?"

Hapa wasomaji watanilaumu, na wana haki. Ningesema sijui, hadithi hii ingekwisha leo. Lakini nilikuwa nimelelewa na walimu kwamba swali lenye jibu hujibiwa.

"Kiarabu," nikasema.

"Aa!" Bwana Mramba akamgeukia Bwana Thuku. "Mnaye mtu wa Kiarabu hapa?"

Tulikuwa naye, kwa kuwa ilikuwa Ijumaa. Maalim Famau, mwenyeji wa mji wa kale wa Malindi, alikuja kila Ijumaa kuwafundisha dini wanafunzi Waislamu. Alikuwa mtu mpole aliyejua mambo mengi, na kasoro yake ilikuwa moja: hakujua kujibu nusu.

Aliingia, akatusabahi sote mmoja mmoja, akauliza hali ya jamaa zetu, akaketi.

"Maalim," akasema Bwana Mramba, "tahariri ni nini?"

Uso wa Maalim ukanawiri. Katika shule ile hakuna mkubwa aliyewahi kumwuliza kitu, isipokuwa saa.

"Swali zuri sana hilo. Asili yake ni *tahrir*. Na *tahrir* imetoka katika *hurr*. Hurr ni mtu asiyemilikiwa na mtu. Ukimtoa mtumwa utumwani, tendo hilo ndilo tahrir. Kuweka huru. Kukomboa."

"Ku-ko-mboa," akarudia Bwana Mramba, akiandika.

"Naam. Ama kwa upande wa maandishi, maana yake..."

"Inatosha, Maalim."

"Lakini bado sijafika kwenye maandishi, Bwana."

"Sisi tumefika."

Maalim aliinuka kwa heshima, akavaa kofia yake sawasawa. Alipokuwa mlangoni alikumbuka kitu, akageuka. Nia yake ilikuwa njema, nitalisema hilo popote nitakapoulizwa.

"Hata neno *uhuru*," akasema, "ni la ukoo huohuo."

Nje mtu alikuwa akichota maji kwa kopo, tukalisikia kila kopo.

"Uhuru tulishaupata sitini na tatu," akasema Bwana Mramba polepole. "Sasa hawa wanataka wa pili?"

"Bwana," nikasema, "maana ya Kiswahili ya tahariri ni maoni ya mhariri tu."

"Mhariri. Na huyo mhariri naye ni nani, kwa Kiarabu?"

"Mwenye kukomboa," Maalim akajibu kutoka barazani. "Yawezekana."

Bwana Mramba akaangalia chini ya ukurasa, akawa anasoma na kufasiri papo hapo. "Mhariri Mkuu: Kahonzi Menza. Yaani Mkombozi Mkuu. Kamati ya Wahariri... yaani kamati ya wakombozi. Wana kamati hawa!" Kidole kikashuka mstari mmoja zaidi, kikasimama. "Mlezi: Bwana G. Thuku."

Akainua macho. "Bwana Thuku. Mlezi wa wakombozi ni nani?"

Sijawahi kumwona mtu akikonda ameketi. Shati la mwalimu mkuu lilionekana kumzidi ghafla. Nikafikiri, sasa tumekuwa wawili, na wawili ni afadhali kuliko mmoja.

Nilikosea. Bwana Thuku aliruka kutoka kitini.

"Mimi hii neno nilikataa kitambo!" akasema. "Nilikata na mkono yangu mwenyewe! Nikaandika tahadhari. Uliza shule yote. Uliza hata nesi wa Kilifi!"

"Kweli?"

"Tahadhari! Na herufi kubwa!"

Bwana Mramba alinitazama nithibitishe. Ilikuwa kweli, nami nikathibitisha. Yule afisa akasimama, akampa Bwana Thuku mkono, akautikisa kwa muda.

"Uliona mbali, Bwana."

"Nilihisi tu," akasema Bwana Thuku kwa unyenyekevu.

Hivyo ndivyo kosa lililoipeleka shule nzima kitandani lilivyogeuka uzalendo, nami nikabaki peke yangu na neno.

"Wewe kwenda funga sanduku," mwalimu mkuu akaniambia. "Jumatatu baba yako akuje."

Sasa nieleze kilichokuwa hatarini, ili msomaji asidhani nililia kwa ajili ya gazeti. Majina ya watahiniwa wa kidato cha nne yalikuwa yapelekwe Nairobi mara baada ya sikukuu ya Madaraka, na kila jina lilitakiwa kupita kwa Bwana Mramba. Jina lisilokwenda halina mtihani. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kufika kidato cha nne, mwanamume wala mwanamke. Ningerudi Magarini na elimu ya kutosha kujua nilichokosa.

Baba alifika Jumatatu asubuhi kwa lori la mihogo, amevaa koti lake la kanisani. Akaketishwa mbele ya wakubwa wawili.

"Mzee Menza," akaanza Bwana Mramba, "habari si nzuri. Binti yako anaeneza ukombozi."

Baba alinitazama, kisha akamtazama yeye. "Anakomboa?"

"Anakomboa."

"Amkomboe nani?"

"Hilo bado tunalichunguza."

Baba alifikiri. Yeye ni mtu wa polepole, na neno hilo alilijua kwa njia moja tu, ile inayojulikana na kila mkulima wa pwani.

"Bwana," akasema, "minazi yangu iko rehani kwa Kazungu tangu mwaka wa mafuriko, na huyu hajakomboa hata mnazi mmoja. Kama anaijua kazi hiyo, mbona hakuanzia nyumbani?"

Bwana Mramba alijaribu kukaza uso. Naye alikuwa mtoto wa huku, na pengine kwao pia kulikuwa na mnazi mahali fulani mikononi mwa mtu. Kicheko kilimtoka puani, akajifanya anapiga chafya. Bwana Thuku alitutazama sote kwa zamu, akitafuta kilichotokea.

Kicheko hicho ndicho kilichoniweka shuleni.

"Sikiliza, binti," Bwana Mramba akasema alipojiweka sawa. "Mimi si mtu mbaya. Neno hili liondoke. Tafuta jingine."

"Maoni," nikasema.

"Mwanafunzi gani ako na maoni?" akauliza Bwana Thuku.

"Msimamo."

"Msimame wapi?" akauliza Bwana Mramba.

"Kauli ya Gazeti."

"Gazeti halina kauli. Kauli ina mwenyewe, na mwenyewe ana cheo."

"Mimi naona Tahadhari," akasema Bwana Thuku, macho yakimng'aa.

Bwana Mramba alitazama dari kwa kitambo. "Shukrani," akasema mwishowe. "Iitwe Shukrani. Sijasikia mtu aliyekamatwa kwa kushukuru."

"Na mimi nitaitwa nani, Bwana, kama si mhariri?"

"Mwandishi."

"Mwandishi wa nini?"

"Wa shukrani. Na ya kwanza utaiandika wiki hii. Utushukuru kwa marekebisho haya. Nitaichukua mimi mwenyewe nikaisome Kilifi siku ya Madaraka, watu waone vijana wetu wanavyolelewa. Ikinipendeza, jina lako litakwenda Nairobi. Isiponipendeza, utapanda lori na baba yako."

Tulipotoka, Baba alisimama kwenye kivuli cha ukuta, akasema nami Kigiriama. Nilimwelewa hivi: neno ni pumzi tu, wape walitakalo, wewe chukua mtihani. Akanipa mihogo miwili iliyochomwa, akaenda kutafuta gari.

Aliyepiga chapa stensili za Zumari alikuwa Kioko, mwanafunzi mwenzangu, ambaye baba yake alikuja Malindi kutoka Machakos kufanya kazi hotelini. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vya karani yeyote. Moyo wake haukuwa na kasi hiyo.

"Andika 'asante sana'," akanishauri. "Weka nukta. Twende tukacheze mpira."

"Asante kwa lipi?"

"Kwani lazima pawe na lipi?"

"Shukrani isiyotaja jambo ni uongo, Kioko."

"Kahonzi, wee una wazimu. Mtu huulizwa amekosa nini. Umesikia wapi mtu akiulizwa ameshukuru nini?"

Nikaketi nikaandika. Nilijiwekea sharti moja: kila sentensi iwe shukrani, na kila shukrani iwe ya jambo lililotokea kweli. Wasomaji wataniwia radhi nikiinakili yote.

"Namshukuru Mwalimu Mkuu kwa kunifahamisha kwamba neno 'tahariri' ni la hatari. Kamusi yenyewe ilikuwa haijapata habari hiyo.

"Namshukuru Bwana Afisa kwa kutukumbusha kwamba uhuru tulikwisha kuupata, na ya kuwa hakuna haja ya kuutaka tena.

"Nashukuru kuelezwa kwamba mwanafunzi hana maoni. Nimepunguziwa mzigo wakati ninapojiandaa kwa mtihani wa insha, ambao utaniuliza maoni yangu.

"Nashukuru kwa maharagwe ya shule. Nawashukuru na waliomo.

"Nashukuru kuwa na jambo la kushukuru. Hapo awali nilikuwa na ya kusema tu."

Kioko alisoma. Alicheka hadi mstari wa maharagwe, kisha akaacha.

"Utafukuzwa na hii."

"Nionyeshe neno baya."

Akatafuta. "Hakuna."

"Nionyeshe uongo."

Akatafuta tena, safari hii kwa kidole. "Hakuna. Huo ndio ubaya wenyewe."

Akapiga chapa hata hivyo. Hakukosea herufi hata moja.

Bwana Thuku aliisoma mbele yangu, kalamu nyekundu mkononi. Alikuwa na njia yake ya kusoma: hakutafuta maana, alitafuta maneno. Aliwinda *kukomboa*, aliwinda *kupinga*, aliwinda *wadudu*. Hakuyapata. Alipofika kwenye maharagwe kalamu ilishuka, ikasita.

"Waliomo ni akina nani?"

"Walio ndani, Mwalimu."

"Ndani ya jikoni?"

"Huko ndiko yanakopikwa, Mwalimu."

"Wapishi," akasema, akaridhika. "Vizuri. Hata wapishi ni watu."

Akaipitisha.

Gazeti lilipotoka shule ilinyamaza kwa namna ambayo sijaisikia tena. Walisoma hadi mwisho, wale wale ambao siku zote walisoma kichwa cha habari wakakimbilia kitandani. Saa ya chakula cha mchana mpishi alipotia upawa wa kwanza, msichana wa kidato cha pili aliitazama sahani yake, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya sala, "Nawashukuru na waliomo."

Bwalo lilianguka kwa kicheko.

Tangu siku hiyo likawa ndilo neno la shule. Mtu akichapwa, alisema nashukuru. Maji yakikatika, bweni zima lilishukuru kwa pamoja. Kiranja alipoandika majina ya wapiga kelele, waliotajwa walikuja kumpa mkono.

Bwana Thuku alifurahi kupita kiasi. "Mnaona adabu?" aliwaambia walimu. "Mnaona? Neno moja tu imebadilisha shule yote." Walimu walikubali kwamba imebadilika.

Madaraka ilifika. Mimi sikuwepo Kilifi siku hiyo, lakini Kioko alikuwepo na kwaya ya shule, na haya ni maneno yake. Nilimhoji mara mbili, akayasema vilevile.

Baada ya ngoma na gwaride la skauti, Bwana Mramba alipanda jukwaani. Akasema atawasomea watu maandishi ya msichana mmoja wa wilaya hii, wapate kujua kwamba vijana si waovu wote. Akarekebisha kipaza sauti, akaanza.

Mstari wa kwanza ulipita kimya. Watu walikuwa wamechoka na jua.

Mstari wa pili, ule wa uhuru, mama mmoja chini ya turubai alicheka. Peke yake, kifupi, kama aliyejikwaa.

Mstari wa mtihani wa insha, walimu wa shule zote za wilaya walikuwa wamekaa pamoja, na safu yao nzima ikaanza kutazama viatu. Mabega yalikuwa yakitikisika.

Kisha akafika kwenye maharagwe.

"Kahonzi," Kioko akaniambia, "uwanja ulipasuka. Askari wa gwaride walicheka wamesimama wima. Mzee mmoja ilibidi ashikwe."

"Na Bwana Mramba?"

"Alidhani wanashangilia."

"Akafanya nini?"

Kioko alifunika uso kwa viganja. "Akairudia."

Aliirudia yote tangu mwanzo, kwa sauti kubwa zaidi, akiinua mkono kila penye neno nashukuru. Safari ya pili watu walikuwa wamekwisha kujifunza. Kila alipofika penye neno hilo walilisema naye, uwanja mzima, na watoto juu ya miti. Mkubwa wa wilaya, aliyekuwa kitini nyuma yake, alicheka hadi akavua kofia. Ila yeye hakuwa akiutazama umati, alikuwa akimtazama Bwana Mramba.

Gari la wilaya lilikuja Jumatatu asubuhi, siku iliyofuata, tukiwa gwarideni. Niliitwa kwa jina.

Ndani ya ofisi Bwana Thuku alikuwa amesimama karibu na dirisha, jasho limemlowesha ukosi. Bwana Mramba aliketi. Juu ya meza palikuwa na karatasi za majina ya watahiniwa, na kalamu yake ilikuwa wazi, imewekwa juu ya karatasi ya mwisho. Nililiona jina langu. Yote yaliyokuwa juu yake yalikuwa yametiwa sahihi.

Nilijiandaa kwa makelele. Hayakuja. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu ambaye hakulala, na aliponiita sauti yake ilikuwa ya chini, karibu ya upole.

"Kahonzi."

"Naam, Bwana."

"Kaa."

Nikakaa. Safari hii hakusema la.

"Yale maandishi yako," akasema, "nimeyasoma mbele ya watu kwa kinywa changu. Jana nikarudi nyumbani nikayasoma tena peke yangu. Sikuona kitu. Nikamsomea mke wangu. Naye alicheka. Nikamwuliza anacheka nini, akasema hakuna kitu, akaingia jikoni. Nikamsikia huko jikoni anacheka tena."

Bwana Thuku alikohoa. Hakuna aliyemtazama.

"Nimewauliza walimu wa wilaya. Wanasema walikuwa wakifurahia Madaraka. Nimemwuliza mkubwa wangu. Amenipiga begani." Alichukua kalamu, akaishika juu ya jina langu. "Mimi sikukasirika, binti. Nataka uelewe hivyo. Jina hili naweza kulipitisha sasa hivi, na naweza kuliacha. Lakini watu wanasema wewe husemi uongo. Hata huyu mwalimu wako anasema."

"Ni kweli," akasema Bwana Thuku kwa sauti nyembamba, huku akinitikisia kichwa nyuma ya bega la mgeni: usijibu, usijibu.

"Basi nieleze jambo moja tu." Bwana Mramba aliinama mbele. Hakuwa afisa tena. Alikuwa mtu mzima aliyechekwa na mji mzima, anayemwomba mtoto msaada. "Walicheka nini?"

Katika maswali yote niliyoulizwa ndani ya ofisi ile, hilo peke yake lilikuwa swali la kweli. Jibu lake nilikuwa nalo, lote.

Nikaitazama kalamu.

"Bwana," nikasema, "walikucheka..."

Bwana Thuku akaangusha kiti.